Wiki Kumi na Nane

Wataandika kwamba mwaka huu wa sabini na tisa
ulianza kwa meli ya mafuta kulipuka katika ghuba ya Bantry;
kwamba Machi pauni yetu na ya Mwingereza,
pacha walionyonya ziwa moja karne na nusu,
waliamka asubuhi moja hawalingani bei.
Wataandika foleni za petroli,
na wafanyakazi walioijaza Dublin wakilalamikia kodi.
Sibishi. Yote yalikuwepo.
Ila mimi ni tarishi wa Leitrim,
na mwaka wangu una ukubwa wa bahasha.

Februari tuligoma.
Mkono mtupu haulambwi, na wetu ulikuwa mtupu:
Dympna alikuwa akichemsha majani ya chai yale yale mara ya tatu.
Tukasimama mlangoni pa posta ya Carrick,
watu sita, bango moja,
na moto wa mboji, udongo wetu unaowaka kama kuni.
Ndani, magunia yamelala midomo imefungwa.
Tulihesabu siku, kisha wiki, kisha tukaacha.

Sikukuu ya Mtakatifu Patriki ilinyesha mvua ya kuuma masikio.
Nilikwenda stesheni kuomba maji ya moto,
nikamkuta kijana wa koti la kijivu,
sanduku lake limefungwa kamba,
anatazama barabara, si reli.
Nikamuuliza kama amepotea.
"Bado," akasema.
Treni ya jioni ikatoka Sligo, ikamchukua.
Nami nikarudi kwenye bango langu.

Juni tulishinda, au tuliambiwa tumeshinda.
Tukafungua magunia:
mialiko ya harusi zilizokwisha kuliwa,
taarifa za wagonjwa ambao makaburi yao yameota nyasi,
na moja ya Bi Attracta Gilhooly, kule juu Aghacashel,
mhuri wa Coventry, Februari kumi na sita.
Miwani haikuonekana. Akaniambia nisome.

*Mama, nitashuka Carrick siku ya Patriki.*
*Kama umenisamehe, njoo stesheni.*
*Nisipokuona nitaelewa, wala sitakusumbua tena.*
*Malachy.*

Ndani, noti ya Kiingereza ya pauni tano, ya nauli.
Ilipotiwa humo ilikuwa sawa na yetu.
Sasa ilizidi; ilikuwa imekua gizani
bila kufanya kazi yoyote.

Nikamweleza lile koti. Ningenyamazaje?
Akasikiliza mpaka mwisho.
"Alikuwa amekonda?"
Kisha: "Mlikuwa na haki ya kudai.
Watoto wako wanakula sasa?"
Sikuweza kupanda baiskeli.
Niliikokota mpaka barabara kuu.

Barua tuliyoandika pamoja, mimi mkono, yeye mdomo,
ilirudi Agosti: AMEHAMA.

Septemba, mgeni wa Roma alipofika Knock,
Attracta aliondoka saa nane usiku
na kigoda na chupa ya chai.
Watu karibu nusu milioni katika matope,
wote wakitazama jukwaa,
yeye akiwatazama wao, safu baada ya safu.
Giza likaingia, Papa asipate wasaa wa kupita kati ya watu.
Wengine walilia kwa hilo.
Attracta alisema tu kwamba nchi hii
ina makoti ya kijivu mengi mno.

Sasa ni Disemba.
Tuna mapatano ambayo hatukuyatamka:
kwenye kona ya daraja, nikiwa na chake, napiga kengele;
nisipokuwa nacho, napita kimya.
Kimya kina mshindo, wasemao husema.
Mimi ndiye ninayeuendesha kwa miguu, kila asubuhi, mlima mzima.

Jana nilikuwa na bili ya umeme tu.
Nikapiga.
Alitoka bila viatu, unga wa mkate umemfika viwikoni,
akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma jina,
akasema maji yako jikoni,
yamekaribia kuchemka.